Manjano Kwenye Rejeta ya Baba

Tangu nirudi Dodoma mmekuwa mkinitazama vidole. Mama Saidi aliuliza mbele ya wateja kama nilikwenda Kilosa kuolewa kimya kimya, maana kucha zikiwa na rangi hii, mwanamke ama ametoka kusingwa ama ametoka kupika kwenye shughuli. Mlicheka mpaka vyerehani vikasimama. Nimeona niandike, kwa sababu nikianza kusimulia dukani, kila mteja akiingia naanza upya.

Nilikwenda kumhamisha mama kutoka nyumbani kwetu Mabwerebwere, Kilosa, kumpeleka Mikumi kwa dada yangu Rukia. Tulikwenda kwa pikipiki ya marehemu baba. Mambo ya ruhusa na tiketi nayaruka, hayo kila mtu anayajua. Nitasema ya njiani.

Dumila

Basi liliniteremsha Dumila nikiwa na njaa. Dumila haijabadilika tabia. Gari halijasimama sawasawa, mabeseni ya nyanya na vitunguu yameshafika dirishani, na muuza mahindi anakuuliza unataka la kuiva sana au la wastani kabla hujasema kama unataka. Kwangu mimi Dumila ni yai la kuchemsha. Nilipokuwa msichana, baba alikuwa akinipakia kutoka Kilosa kuja kupokea vipuri vilivyotumwa na basi, na kila safari alininunulia yai lililopasuliwa katikati na kutiwa kachumbari. Ananiambia nisimwambie mama kwamba tumekula njiani. Tukifika nyumbani yeye mwenyewe ndiye anayelisema, tena kabla hajavua kofia.

Nilimwendea mama mmoja mtu mzima mwenye ndoo ya mayai, nikamwamkia.

“Marahaba,” akaitika, akanitazama usoni zaidi ya inavyohitajika kwa kuuza yai. “Wewe si mtoto wa yule mzee wa pikipiki inayokunywa maji?”

“Ndiye mimi, mama.”

“Alikuwa akifika hapa ananiomba maji yangu ya kunawisha wateja. Namuuliza, baba, unanawa? Ananiambia, si mimi, ni huyu punda wangu. Hajambo?”

“Alishatangulia, mama. Mwaka wa pili sasa.”

Akasema innalillahi, akapasua yai la pili bila kuulizwa na kulijaza kachumbari. Nilikula nimesimama, machozi yananitoka, nikaisingizia pilipili. Gari la Kilosa lilichelewa kujaa abiria, dereva akaomba radhi mara kadhaa, na mimi ambaye mnanijua kwa kufoka sikumfokea. Nilikuwa bado nina ladha ya lile yai mdomoni.

Mabwerebwere

Pikipiki hiyo ina habari yake. Babu alikuja Kilosa kufanya kazi ya reli, baba naye akazeekea kwenye reli hiyo hiyo, na mgeni mmoja aliyekuja kukagua madaraja alipoondoka alimwachia baba pikipiki yake. Hizi mnazozijua za bodaboda, injini hupozwa na upepo. Hii hupozwa na maji kama gari: ina rejeta mbele ya injini, ina feni, ina mipira ya kupitishia maji, na ina taa nyekundu inayowaka joto likizidi. Kilosa nzima hapakuwa na nyingine, na baba aliipenda kwa sababu hiyo hiyo. Kwa kuwa hapakuwa na fundi aliyeijua, alijifunza mwenyewe, na kwa kuwa hatukuwa na kaka, akanifundisha mimi.

Alikuwa na kanuni zake. Mkono kwanza, spana baadaye, alisema, yaani gusa, nusa, sikiliza, ndipo ufungue. Na nyingine: kabla hujauliza imeharibika nini, uliza kati ya jana na leo kimebadilika nini.

Nilimkuta mama uani akichambua mchele. Alikuwa amepungua. Masika iliyopita aliteleza hapo hapo uani, akakaa chini asiweze kuinuka mpaka jirani yetu Bi Tatu alipokuja kuazima ungo. Tangu siku ile Rukia halali vizuri. Alishatenga chumba, akakipaka rangi, na kitanda cha mama kilishatangulia Mikumi juu ya Fuso la mpunga. Kilichobaki ni mama mwenyewe, na mama alikuwa na sharti. Alilitamka mbele ya Bi Tatu ili liwe na shahidi.

“Mimi siendi kwa basi. Baba yao aliniahidi kunipeleka kwa Rukia kwa pikipiki yake, akafa hajanipeleka. Zena atanipeleka nayo. Ikifika, nimefika. Ikikataa njiani, basi ni mwenyewe amekataa nisiiache nyumba yake, na mimi narudi hapa hapa.”

Bi Tatu akanitazama mimi, mimi nikaitazama pikipiki. Rukia akapigiwa simu, akaelezwa. “Zena,” akasema, “mama akirudi safari hii, hatoki tena mle ndani mpaka tumtoe. Umenielewa?” Nilimwelewa.

Siku iliyofuata nilishinda chini ya pikipiki. Nikabadilisha oili na betri, nikajaza maji kwenye rejeta, nikaiendesha mpaka sokoni na kurudi. Taa nyekundu haikuwaka. Kwenye kona ya rejeta palikuwa na alama ya zamani, mahali palipowahi kuvuja pakaziba, pakavu kabisa, na sikupagusa. Alfajiri ya safari, kabla ya adhana, nilimsikia mama yuko nje, na nikasikia kitu cha bati kikigonga karibu na pikipiki. Nikadhani anaaga nyumba. Nikamwacha. Tulipokuwa tunakunywa chai niliona vidole vyake vina manjano, wala sikushangaa, kwa sababu alikuwa ameshapika viazi vya njiani, na mama hapiki kiazi bila manjano.

Kuuacha mji

Mama alikaa upande, kama alivyokaa maisha yake yote nyuma ya baba, hotipoti ya viazi mapajani na mkono mmoja kiunoni kwangu. Tukapita ofisi za wilaya, tukapita soko, naye akasalimiana na mji mzima bila kuniruhusu niongeze mwendo. Kila anayemuuliza anakwenda wapi alijibiwa, “Natembea kidogo.” Tulipoingia barabara ya Mikumi alianza kunisomea mashamba: pale palikuwa mkonge mtupu, pale baba yako alianguka kwenye tope na koti la sikukuu, pale tuliuza ndizi. Mimi nilimsikiliza nikitamani barabara iwe ndefu zaidi. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu tumzike baba.

Kilima cha kwanza kikatukuta, na taa nyekundu ikawaka.

Nilisimama kwenye kijiwe cha bodaboda. Mvuke ulikuwa unatoka kwenye kifuniko cha rejeta. Vijana watatu wakainuka. “Shikamoo, mama,” wakamwambia mama, naye akawaitikia mmoja mmoja. Kwangu mimi walikuja na lugha nyingine.

“Sista, chuma inafuka. Dereva wako kaenda wapi?”

“Dereva ni mimi.”

“Oya, sista anakandamiza mwenyewe.” Akainama. “Hii ni plagi.”

“Plagi gani inatoa mvuke?” mwenzake akasema. “Breki ya nyuma imebana. Injini inavuta mzigo.”

Wa tatu alikuwa amechuchumaa mbele ya rejeta. “Mimi nauliza, huku mbele mbona wamefunga kitu cha friji?”

Yule wa plagi alirudi na ndoo ya maji, tayari kuyamwaga juu ya injini. Mama akamzuia kwa kiganja. “Weka chini, mwanangu. Chuma cha moto hakimwagiwi maji ya baridi, kitapasuka. Mume wangu angekuwa hapa ungekimbia.”

Tulingoja ipoe. Ndipo nikakunja kitambaa, nikafungua kifuniko polepole, uso pembeni. Maji yalikuwa yamepungua kwa yale yaliyochemka, nikaongeza. Nikawasha injini, feni ikazunguka. Mipira haikuwa na ufa. Kila kitu kilionekana kizima, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Isitoshe hewa yote pale ilikuwa inanukia chakula, kwa hiyo nikamwambia mama hotipoti yake inavuja. Mama akaifunika kwa upande wa kanga.

Tulipokuwa tunapanda akasema, “Hiyo ni moja.”

Ulaya

Ulaya ni kijiji, wala hamhitaji pasi ya kusafiria. Hatukukifikia kwa heshima. Tuliingia na taa nyekundu, mvuke, na kelele ya maji yanayotokota, tukasimama mbele ya mashine ya kusaga.

“Mbili,” mama akasema kabla hajashuka. “Amesema mara mbili, Zena. Geuza.”

Nilimwambia haiwezi kwenda mbele wala nyuma mpaka ipoe. Ilikuwa kweli, ingawa niliisema kwa kutafuta muda tu. Mwenye mashine, mwanamke wa makamo aliyejaa unga mpaka kwenye kope, alitoka na benchi akamkalisha mama kivulini.

“Pole, mama. Wanakupeleka hospitali gani?”

“Siumwi. Nahamishwa.”

Mwanamke yule akaniangalia kuanzia kwenye viatu. “Unahamishwa kwa hiari yako?”

“Hilo bado linaamuliwa,” mama akasema, akionyesha pikipiki kwa kidevu.

Kuanzia hapo nilikuwa mbaya wa kijiji. Mama aliletewa chai ya tangawizi, mimi sikuletewa. Nilisikia mwenye mashine akimnong’oneza mteja kwamba siku hizi watoto wanauza nyumba wazazi wakiwa hai. Akatokea fundi wa magari aliyeleta mahindi yake kusaga, akatazama kwa mbali na kutoa hukumu. “Toa themostati, dada. Nchi ya joto hii, themostati ya kazi gani?” Nikamwambia kile kilango kinachozuia maji injini ikiwa baridi baba alikitoa mwaka ule ule aliopewa pikipiki, kiko nyumbani kimetundikwa msumarini. Fundi akasema basi mzee wangu alikuwa mtu mwenye akili, akaenda kuchukua unga wake.

Aliyenisaidia hasa ni mfugaji mmoja aliyekuwa anapita na ng’ombe. Alimwamkia mama, akamwita yeyo kama wafugaji wanavyowaita mama zao, akaitazama pikipiki bila kusema imeharibika nini. “Inataka maji?” akauliza. Nikamwambia inataka sana. Akaniachia dumu lake, akasema atalichukua siku yoyote atakapoliona, akafuata ng’ombe wake.

Nikakaa chini mbele ya ile rejeta. Nawaambieni ukweli, nililia kidogo, nikiwa nimewapa mgongo. Akilini nilimwona mama anarudi kwenye nyumba ile, anateleza uani, na safari hii Bi Tatu hana haja ya ungo. Halafu nikasikia sauti ya baba kichwani, ile ya kukosa subira: mkono kwanza.

Injini ilikuwa imepoa kiasi cha kuwashwa tena kidogo. Niliiwasha, nikaiacha ipate moto, nikaizima kabla ya taa. Nikagusa mpira wa juu, unaoleta maji kutoka kwenye injini: wa moto. Nikashusha kiganja juu ya rejeta. Juu moto, katikati vuguvugu, chini baridi kabisa. Mpira wa chini nao baridi. Maana yake maji yanaingia lakini hayapiti, njia zake ndogo za ndani zimeziba. Sasa kanuni ya pili. Jana ilikwenda sokoni ikarudi nzima. Kati ya jana na leo kimebadilika nini?

Nilinusa. Hotipoti ilikuwa kwenye benchi kule, imefunikwa, na harufu ya mchuzi ilikuwa hapa kwangu.

Nilipolegeza mpira wa chini na kuuchomoa, maji hayakutoka. Ulitoka uji wa manjano, mzito, ukanijaa vidoleni. Mwenye mashine akasogea, akanusa, akasema, “Hii si bizari?” Mimi nikageuka kumtazama mama. Mama alikuwa anaangalia chai yake.

“Mama.”

“Niliweka asubuhi,” akasema. “Baba yako alikuwa akiweka kabla ya safari ndefu. Pale kwenye kona palivuja zamani, akatia manjano kidogo, yakavimba yakaziba. Kila mwaka mimi ndiye niliyemtwangia.”

“Kidogo kiasi gani?”

“Yeye? Ncha ya kijiko.”

“Na wewe uliweka kiasi gani?”

Mama aliweka kikombe chini. “Kopo zima. Nilitaka tufike.”

Alisema hivyo tu. Mwenye mashine akacheka, mimi pia ningecheka, lakini neno lile lilinishika. Huyu ndiye aliyesema pikipiki ikikataa anarudi. Huyu ndiye aliyehesabu moja, akahesabu mbili. Na kabla ya adhana ametoka peke yake gizani na kopo la manjano ili isikatae. Nilimtazama, naye akajua kwamba nimeelewa, akaanza kujifunga kanga upya ingawa haikuwa imelegea.

Dawa ikizidi huwa sumu, lakini hii ilikuwa sumu ya kuoshwa. Mwenye mashine alituazima bomba lake la tangi. Nililichomeka chini, nikasukuma maji yapande juu, kinyume cha njia yake, mama akiwa ameshika kifuniko. Yalitoka kama mchuzi, halafu kama chai, halafu kama maji yaliyooshewa sahani. Yalitandaa mbele ya mashine, kuku wakaja kuonja. Mama alisimama akiyaangalia yanavyokwenda. Mle ndani yalikuwemo manjano yake ya asubuhi na yalikuwemo ya baba ya miaka yote, na hakuna aliyeweza kuyatenganisha. Nilimuuliza kama tuache kidogo.

“Mwaga yote,” akasema.

Baadaye tulikula vile viazi sote pamoja, mwenye mashine akaniletea chai bila kuombwa wala kuomba radhi. Wakati wa kuondoka niliona pale kwenye kona ya rejeta tone linajitengeneza. Tulikuwa tumekiosha pia kizibo cha baba. Mama akaliona pia. Akatia maji kwenye dumu la mfugaji, akalipakata mahali pa hotipoti, akakaa upande.

“Twende,” akasema. “Ikimaliza tunaiongeza.”

Mikumi

Tuliongeza maji njia nzima. Kila nilipopunguza mwendo, mama alikuwa ameshafungua dumu. Hakuhesabu tena. Alinisimulia kwamba alipoolewa hakuwahi kupanda pikipiki, na siku ya kwanza baba alimwambia ashike kiti, asimshike yeye, kwa sababu watu wangesema. “Tulipotoka mjini akaniambia, sasa shika ninapotaka ushike,” akasema nyuma ya shingo yangu. Mambo hayo baba hakutuambia. Nilicheka mpaka nikashindwa kushika vizuri usukani.

Mikumi ilitupokea kwa malori yake na moshi wa nyama choma. Rukia alikuwa amesimama barabarani na aproni, amekataa kukaa ndani. Alipotuona alikimbia, halafu akasimama, akatazama dumu, akatazama matone chini ya rejeta, akatazama mikono yetu.

“Mmefanya nini njiani?”

“Tumepika,” nikamwambia.

Bi Tatu alipiga simu kabla hatujavua viatu. Alitaka kujua, kwa niaba ya mtaa, kama pikipiki ilikataa. “Ilikataa,” mama akamjibu. “Tukaielewesha.” Akamwambia pia achukue kuku tuliowaacha uani, na ungo ule abaki nao.

Asubuhi ya kuondoka kwangu nilimkuta kwenye chumba chake kipya, amekaa kwenye kitanda chake cha zamani, anaiangalia pikipiki kupitia dirishani. Rukia alishaifunika kwa pazia la Kilosa lililotangulia na kitanda. Nikakaa karibu yake. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia tangu mwanzo kwamba anataka kuja, badala ya kunitesa na masharti mbele ya Bi Tatu.

Alinishika vidole, akavigeuza geuza.

“Nyumba ile ilikuwa kubwa, mwanangu,” akasema. “Usiku nilikuwa nawasha taa ya chumba ambacho hakina mtu. Lakini ningesemaje? Pikipiki yake ilikuwa pale pale, inasikia.”

Nilipanda basi nikiwa na viazi vya njiani. Kwa hiyo jamani, Mama Saidi na ndimu yake, na wewe uliyeniletea sabuni ya unga, asanteni. Najua kinachoondoa manjano kwenye kucha. Sijakitumia, na kila kucha inapokua nasikitika kidogo kuona inavyorudi nyeupe.